Gramu Zinapotelea Wapi? Mwongozo kamili wa kuongeza mavuno katika utengenezaji wa kampaundi za dawa za saratani, kwa maabara ndogo za Tabora na Kigoma

Dawa nyingi za saratani hujengwa hatua kwa hatua, na kila hatua hupunguza kidogo. Chukua dawa yenye hatua kumi, kila hatua ikitoa asilimia 80 ya kiasi cha juu kinachowezekana (hayo ndiyo mavuno). Wengi wataona hiyo ni kazi nzuri. Zidisha 0.8 mara kumi, unabaki na asilimia 10.7. Ukipandisha kila hatua hadi 90, mwisho unapata 34.9. Ukifika 95, unapata 59.9. Kwa hiyo asilimia chache za hatua moja, ambazo mwanafunzi anaziona si kitu, ndizo zinazoamua kama kampaundi itabaki kwenye makaratasi au itafika kwa mgonjwa.

Sisi wa magharibi tunajua mgonjwa wa saratani anakoelekea: Bugando kule Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Bei ya dawa anayopewa ina mambo mengi ndani yake, lakini gramu iliyomwagwa maabara pamoja na mchujo, yaani kimiminika kilichopita kwenye karatasi ya kuchujia, ni gramu ambayo tayari ilishalipiwa.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni paklitakseli. Ilipatikana kwenye gome la mti Taxus brevifolia wa Marekani, muundo wake ukachapishwa mwaka 1971, na Marekani ikaidhinisha itumike kwa saratani ya ovari mwaka 1992. Tatizo lilikuwa mavuno. Kilo moja ya dawa ilihitaji takriban tani kumi za gome, na mti ukichunwa gome hufa. Mwaka 1994 timu ya Robert Holton na ile ya K. C. Nicolaou zilionyesha kwamba inaweza kujengwa yote maabara, lakini njia ilikuwa ndefu mno kwa kiwanda. Kilichookoa jahazi ni kuanza na kampaundi iitwayo 10-deasetilibakatini III, inayotolewa kwenye majani ya Taxus baccata, majani ambayo huota tena, kisha kuongezea kipande kinachokosekana. Hapo tatizo la msitu likageuka kuwa tatizo la maabara, na tatizo la maabara hutatulika.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo anayefanya mradi wake nyumbani Tabora au Kigoma, fundi sanifu wa maabara, na mwalimu wa kemia mwenye vifaa vichache. Nimejenga kila kitu juu ya mmenyuko mmoja, wa Biginelli, kwa sababu unafanyika kwa kemikali za kawaida na una uhusiano wa kweli na saratani. Pietro Biginelli aliuonyesha mwishoni mwa karne ya 19: aldehaidi, asetoasetati na urea vikichemshwa pamoja kwenye ethanoli yenye asidi kidogo, vinaungana kuwa kampaundi moja. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1999, watafiti wa Marekani walitangaza monastroli, kampaundi ya ukoo huohuo, inayozuia protini iitwayo Eg5 ambayo seli huitegemea inapogawanyika. Seli ikikosa Eg5 inakwama katikati ya kugawanyika. Monastroli yenyewe haikuwa dawa ya hospitali, ila ilifungua njia ya kutafuta vizuizi vingine vya Eg5.

Kabla ya kushika chupa

Utakachotengeneza hapa si dawa. Hakinywewi, hakipakwi, hakiuzwi, na haijalishi ni kisafi kiasi gani. Kati ya fuwele nyeupe kwenye karatasi ya kuchujia na kidonge kuna miaka ya majaribio na idhini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nasisitiza kwa sababu mitaani kwetu watu wenye saratani wanauziwa kila aina ya unga.

Pia usijaribu kutengeneza dawa zenyewe zinazoua seli, kama sisiplatini au siklofosfamidi, kwenye maabara ya shule au ya chuo isiyo na kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi na watu waliofundishwa. Kanuni za mavuno ni zilezile. Jifunze kwa kampaundi ya upole.

Kemikali nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Miwani ya kinga, glavu, koti la maabara, ndoo ya mchanga karibu. Ethanoli inawaka kwa mwali usioonekana vizuri mchana, kwa hiyo usitumie jiko la mkaa wala burner. Tumia hotpleti yenye beseni la mchanga au la mafuta ya alizeti.

Hatua ya 1: Jua kiasi cha juu kabisa unachoweza kupata

Kwa zoezi la kwanza tunatumia benzaldehaidi, ethili asetoasetati na urea. Uzito wa moli ni 106.12, 130.14 na 60.06. Vinapoungana vinatoa molekuli mbili za maji, na zao lina uzito wa moli 260.29.

Pima hivi:

Benzaldehaidi gramu 1.06, yaani milimoli 10.
Ethili asetoasetati gramu 1.30, milimoli 10.
Urea gramu 0.90, milimoli 15.
Ethanoli mililita 15.
Asidi hidrokloriki kali matone 4.

Urea imezidishwa mara moja na nusu kwa makusudi. Ni rahisi, inayeyuka kwenye maji, na ziada yake inaoshwa bila shida. Hiyo ni kanuni ya jumla: kinachozidishwa ni kile cha bei nafuu na kinachotoka kwa urahisi. Ukizidisha benzaldehaidi badala yake, utashinda siku nzima ukipambana na mafuta yenye harufu ya lozi yaliyogandia kwenye fuwele.

Benzaldehaidi na asetoasetati ndizo zinazokwisha kwanza, kwa hiyo mavuno kamili ni milimoli 10 za zao, gramu 2.60. Andika namba hiyo juu ya ukurasa wa daftari kabla hujafanya lolote.

Mizani ya sehemu ya mia ya gramu, kama zile za wanunuzi wa dhahabu, inatosha kwa kuanzia. Kosa la 0.01 kwenye gramu 1.06 ni karibu asilimia moja. Funga dirisha na uzime feni unapopima. Vimiminika pima kwa uzito, usitegemee alama za sirinji.

Hatua ya 2: Safisha malighafi

Hapa ndipo mavuno mengi hufia kabla hata moto haujawashwa. Chupa ya benzaldehaidi iliyofunguliwa mara nyingi inaungana na oksijeni ya hewa na kuwa asidi ya benzoiki. Tazama mdomo wa chupa: ukiona vumbi jeupe la fuwele, ndiyo hiyo. Unapopima gramu 1.06 ya chupa kama hiyo unaweza kuwa unapima 0.90 tu ya aldehaidi, na hakuna kichocheo duniani kitakachokurudishia kilichokosekana.

Dawa yake ni rahisi. Tikisa benzaldehaidi na mmumunyo wa magadi, yaani kaboneti ya sodiamu, wa asilimia 10. Gesi itatoka, fungua kizibo mara kwa mara. Asidi ya benzoiki inahamia kwenye maji kama chumvi. Tenganisha, osha na maji safi, kausha kwa salfeti ya magnesiamu isiyo na maji, chuja. Ukiwa na kifaa cha kunereka (kuchemsha na kukusanya mvuke uliopozwa) kwa mgandamizo mdogo wa hewa, nereka. Kama huna, hiyo iliyooshwa inatosha kwa zoezi hili, mradi uitumie siku hiyohiyo na ujaze chupa hadi juu ili hewa isipate nafasi.

Urea ya mbolea usiitumie kama ilivyo. Punje zake zimepakwa vitu vya kuzuia kugandana, na ndani kuna uchafu uitwao biureti. Ukikosa ya maabara, yeyusha ya mbolea kwenye ethanoli ya moto, chuja ingali moto, acha ipoe, chuja fuwele, kausha. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya Tabora ina unyevu na urea huunyonya, kwa hiyo ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 kisha itunze kwenye chupa yenye kizibo cha kubana.

Ethanoli ya asilimia 95 inafaa. Mmenyuko huu wenyewe unatoa maji, kwa hiyo asilimia 5 haiuui. Spiriti ya dukani yenye rangi haifai, ina methanoli na rangi itakayokufuata hadi kwenye fuwele. Ukija kufanya hatua zisizotaka maji hata tone, kama kuunganisha amaidi kwa kloraidi ya asidi, chemsha kiyeyushi chako na kikaushio kinachokifaa, na usitumie ethanoli hapo kwa kuwa humenyuka na kloraidi ya asidi. Kwa hatua nyingine zinazotaka ethanoli kavu, chokaa iliyochomwa ambayo haijamwagiwa maji hufanya kazi vizuri: chemsha kwa kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chupani) saa kadhaa kisha nereka.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la msingi, usiboreshe chochote

Weka vyote kwenye chupa ya duara ya mililita 50 pamoja na sumaku ya kukorogea. Funga kondensa. Kama mgandamizo wa maji ya bomba ni mdogo, weka pampu ndogo ya tangi la samaki kwenye ndoo ya maji na vipande vya barafu, izungushe maji hayohayo. Inafanya kazi kuliko bomba, na haimwagi maji bure.

Mwinuko wetu una athari ambayo vitabu havikuambii. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ethanoli huchemka karibu nyuzi 75, si 78.4. Kigoma, pale ziwani, ni karibu 76. Mmenyuko hupungua kasi takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka, hivyo zile tatu na kitu zinazokosekana Tabora zinageuza saa 3 za kitabuni kuwa karibu saa 4. Mtu anayefuata kitabu kwa saa anaachia mmenyuko katikati halafu analaumu kemikali.

Kwa hiyo usifuate saa peke yake, fuata kromatografia ya sahani nyembamba. Kata ukanda wa sahani ya silika, weka doa la benzaldehaidi upande mmoja, doa la mchanganyiko wako upande mwingine, na doa la vyote viwili katikati. Endesha kwa ethili asetati na heksani, nusu kwa nusu. Benzaldehaidi hukimbia juu, zao hubaki chini. Kutazama madoa unahitaji taa ya nanomita 254. Taa za kukagulia noti bandia nyingi ni za 365 na hazitakuonyesha kitu kwenye sahani za kawaida zenye kiashiria cha 254. Usipokuwa na taa, weka sahani kwenye mtungi wenye chembe za iodini, madoa yatageuka kahawia. Chukua doa kila nusu saa. Mmenyuko umekwisha pale doa la benzaldehaidi linapoacha kufifia, na si lazima liwe limetoweka.

Umeme ukikatika, usifungue chupa. Beseni la mchanga linahifadhi joto kwa muda. Andika saa ulipokatika na uliporudi, na uhesabu tu muda ambao ethanoli ilikuwa inachemka.

Ukimaliza, acha ipoe polepole hadi joto la chumba, kisha kwenye barafu kwa nusu saa. Fuwele zitashuka. Chuja, osha na maji baridi mililita 10 kuondoa urea, halafu ethanoli baridi sana mililita 5. Kausha hadi uzito usibadilike kati ya vipimo viwili vilivyopishana saa moja. Asiyekausha ndiye anayeripoti mavuno ya asilimia 104.

Rudia jaribio hilihili mara tatu bila kubadili kitu. Najua inachosha, na kila mwanafunzi anataka kuruka hapa. Lakini kama matokeo yako matatu yanatofautiana kwa pointi tano, basi kesho ukiona ongezeko la pointi tatu hujaboresha kitu, umeona tu mkono wako ukiyumba.

Hatua ya 4: Hesabu ya kila gramu

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote. Watu wakiona mavuno ya asilimia 60 wanakimbilia kichocheo kipya walichokisoma mahali. Mimi nasema weka kichocheo pembeni, chukua mizani. Mara nyingi zao lilitengenezwa, halafu likamwagwa.

Chukua mfano huu wa hesabu. Mavuno kamili gramu 2.60. Fuwele ghafi zilizokauka ni gramu 1.98, sawa na asilimia 76. Baada ya kuziyeyusha kwenye ethanoli moto na kuzifanya fuwele upya, umebaki na 1.56, asilimia 60. Gramu 0.42 zimekwenda wapi? Si kwenye mmenyuko. Zimo kwenye mchujo wa usafishaji. Na zile 0.62 za mwanzo, kati ya 2.60 na 1.98? Hizo zinaweza kuwa zimebaki kwenye mchujo wa kwanza, au zikawa benzaldehaidi ambayo haikuungana, au zikawa kitu kingine kabisa.

Ili ujue, usimwage mchujo wowote. Kila mmoja uweke kwenye bika iliyopimwa uzito, acha ethanoli ivukize kwenye kabati la hewa, pima masalia, kisha yapitishe kwenye sahani ya silika kando ya zao safi. Utapata mojawapo ya majibu matatu. Masalia ni zao: tatizo ni usafishaji, nenda Hatua ya 5. Masalia ni malighafi: mmenyuko haujafika mwisho, nenda Hatua ya 6. Masalia ni kitu cha tatu: malighafi inachepuka, nenda Hatua ya 6 pia, lakini kwa swali tofauti.

Kwenye Biginelli kitu cha tatu kina sura zinazojulikana. Aldehaidi moja inaweza kubeba urea mbili. Urea ikikaa muda mrefu kwenye joto huvunjika na kutoa amonia, na amonia ikikutana na aldehaidi na asetoasetati hutoa kampaundi nyingine ya aina ya Hantzsch, mara nyingi yenye rangi ya njano. Fuwele zako zikiwa za njano badala ya nyeupe, anza kushuku hapo.

Hatua ya 5: Ziba matundu ya usafishaji kwanza

Kosa la kawaida ni kiyeyushi kingi. Tuseme zao lako linayeyuka gramu 0.5 kwenye kila mililita 100 za ethanoli baridi. Ukilisafisha na kuliosha kwa jumla ya mililita 60, umepoteza gramu 0.3, zaidi ya asilimia 11 ya mavuno kamili, na umeipoteza kila mara unaporudia. Pima mwenyewe uyeyukaji wa zao lako: koroga zao la ziada kwenye mililita 10 za ethanoli baridi kwa nusu saa, chuja, vukiza, pima kilichobaki. Ni kazi ya asubuhi moja na itakuongoza mradi mzima.

Unapofanya fuwele upya, anza na ethanoli kidogo inayochemka, ongeza kwa dropa mpaka zote ziyeyuke, kisha acha. Pasha faneli moto kabla ya kuchuja uchafu usioyeyuka, la sivyo fuwele zinaganda kwenye karatasi. Acha ipoe polepole bila kuigusa. Zikikataa kushuka, kwaruza ndani ya kioo kwa fimbo ya kioo, au dondosha chembe moja ya zao safi. Baadaye punguza mchujo hadi theluthi na uvune fuwele za awamu ya pili. Hizo zipime na uzihifadhi mbali na za kwanza mpaka uhakikishe usafi wake.

Kwa kupoza chini ya sifuri, nunua barafu ya wauza samaki, iponde, changanya na chumvi sehemu tatu kwa moja. Chumvi ya Uvinza inafanya kazi hii vizuri na inapatikana sokoni Kigoma na Tabora. Utashuka chini ya nyuzi hasi 10. Ethanoli ya kuoshea ipoze humohumo.

Kwenye menyuko nyingine zao halishuki lenyewe, inabidi livutwe kutoka kwenye maji kwa ethili asetati. Hapo gawanya kiyeyushi chako. Kampaundi inayopenda ethili asetati mara tatu kuliko maji, ikiwa kwenye mililita 100 za maji, ukiivuta mara moja kwa mililita 90 unapata asilimia 73. Mililita 90 hizohizo ukizigawa mara tatu, 30 kila mara, unapata 85. Kiyeyushi ni kilekile, kazi ni dakika kumi za ziada. Maji ukiyashibisha chumvi ya mezani, zao litahama zaidi.

Safu ya silika, yaani kupitisha zao kwenye bomba lililojazwa silika ili kulitenganisha na uchafu, iache iwe njia ya mwisho. Inakula muda, inakula kiyeyushi, na kampaundi nyingine huvunjika juu yake kwa sababu silika ina uasidi kidogo.

Hatua ya 6: Sasa gusa mmenyuko

Ushauri wa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja unafundishwa kila mahali. Unafaa kwa mtu anayeanza, lakini unaficha jambo kubwa: vitu hivi vinasaidiana na kugombana. Badala yake chukua viwili na uvipime pamoja katika majaribio manne. Mfano, ujazo wa ethanoli na muda. Namba zifuatazo ni za kuonyesha jinsi ya kusoma matokeo:

Mililita 15, saa 3: asilimia 58.
Mililita 15, saa 6: asilimia 63.
Mililita 5, saa 3: asilimia 70.
Mililita 5, saa 6: asilimia 71.

Ungebadili muda tu, ungesema saa 6 ndiyo siri na ungelipa umeme mara mbili. Jedwali linasema kitu kingine: muda unasaidia pale tu mchanganyiko ni mwepesi. Kaza mchanganyiko, baki na saa 3.

Na kuna sababu ya kikemia. Kwenye Biginelli aldehaidi na urea huungana kwanza kuwa ayoni yenye njaa ya elektroni, ndipo asetoasetati inapoishambulia. Mkemia C. Oliver Kappe alieleza njia hii mwaka 1997. Hatua hizo za mwanzo zinarudi nyuma kwa urahisi. Mchanganyiko ukiwa mzito molekuli zinakutana mara nyingi zaidi, na zao likianza kushuka kama fuwele linatoka kwenye mchezo, halirudi nyuma tena. Ila usikaze hadi sumaku ikashindwa kuzunguka, kwa sababu tope lisilokorogwa lina joto huku na ubaridi kule.

Vitu vya kujaribu kwa mpangilio ninaoupendekeza: ujazo wa ethanoli, kiasi cha asidi, ziada ya urea kati ya 1.2 na 2, kisha kichocheo. Asidi kidogo mno haianzishi ayoni, nyingi mno inavunja urea. Kuhusu vichocheo, njia ya kale ya asidi hidrokloriki mara nyingi ilitoa kati ya asilimia 20 na 60 kutegemea aldehaidi, na vichocheo vya metali kama kloraidi ya chuma III vimepandisha kampaundi nyingi juu ya 80. Kloraidi hiyo ni nafuu. Nunua ya maabara. Ile ya mafundi wa elektroniki mara nyingi ina asidi ndani, na ikishatumika ina shaba pia.

Hatua ya 7: Thibitisha kwamba ulichopima ni zao

Mavuno bila usafi ni uzito wa uchafu. Zao la zoezi hili huyeyuka karibu nyuzi 202 hadi 204. Likianza kulegea 190 na kumalizika 200, bado lina uchafu hata kama linang'aa. Doa lazima liwe moja kwenye sahani, katika viyeyushi viwili tofauti. Ukiwa na mawasiliano na idara ya kemia ya chuo kikuu yenye mashine ya NMR (inayoonyesha muundo wa molekuli), tuma miligramu 10 za jaribio lako bora na 10 za jaribio la msingi, uzilinganishe. Ripoti yako iseme mavuno ya zao safi lililokauka, kiwango cha kuyeyuka, na ni wastani wa majaribio mangapi.

Hatua ya 8: Hamia kwenye monastroli, kisha kwenye kipimo kikubwa

Ukishaimudu ya kwanza, weka 3-haidroksibenzaldehaidi gramu 1.22 badala ya benzaldehaidi, na tiourea gramu 1.14 badala ya urea. Mavuno kamili ya milimoli 10 ni gramu 2.92, na monastroli safi huyeyuka karibu 184 hadi 186. Tiourea ni sumu na inashukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo hapa kabati la kuvuta hewa na glavu ni sharti. Usibebe masharti yako bora ya urea ukidhani yatafaa vilevile. Tiourea ni mvivu kidogo na aldehaidi hii ina kundi la haidroksili linalolifanya zao liyeyuke zaidi kwenye ethanoli. Pima uyeyukaji upya, fanya jedwali la majaribio manne upya.

Ukiongeza kipimo mara kumi, joto halitoki na haliingii kwa kasi ileile, kwa sababu ujazo umekua kuliko uso wa chupa. Panda mara tatu hadi tano kwa wakati mmoja, ongeza asidi polepole, na hakikisha ukorogaji unafika chini.

Unapopanga njia yenye hatua nyingi

Hapa mpangilio una nguvu kuliko ustadi wa mkono. Hatua saba zilizofuatana kwa asilimia 80 zinatoa 21. Hatua hizohizo saba ukizipanga kama matawi mawili ya hatua tatu, kisha hatua moja ya kuyaunganisha, njia ndefu zaidi ina hatua nne na unapata 41. Eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, ina zaidi ya hatua 60 na inatengenezwa kiwandani. Isingewezekana kama zingepangwa mstari mmoja.

Hatua yenye hasara kubwa iweke mwanzoni, malighafi ikiwa bado rahisi. Na uchague mmenyuko unaotoa umbo sahihi, si uzito tu. Sisiplatini ina pacha, transplatini, mwenye atomi zilezile zilizokaa tofauti, na pacha huyo hatibu. Njia iliyochapishwa na Dhara mwaka 1970 inapitia ayodini kwanza: ayodini hulegeza kilichokaa mkabala wake kwa nguvu kuliko klorini, kwa hiyo amonia ya pili inaingia mkabala na ayodini, jirani na amonia ya kwanza, upande unaotakiwa. Wameongeza hatua mbili ili wapate karibu umbo moja tu, na wakatoka na faida.

Masalia

Weka mitungi mitatu yenye lebo: viyeyushi visivyo na klorini, maji yenye asidi au metali, na masalia ya tiourea pamoja na kampaundi zenye salfa. Maji yenye asidi yaondolee uasidi kwa magadi hadi pH 7. Usimwage chochote cha tiourea kwenye sinki, kwa kuwa maji ya sinki zetu nyingi yanaishia kwenye shimo la ardhini karibu na visima. Mitungi ikijaa, iandikie tarehe na yaliyomo, ifungwe, na uwasiliane na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kanda yako kuhusu namna ya kuiteketeza.